Grafini haichimbwi Mererani

Kuna klipu imezunguka sana kwenye magrupu ya WhatsApp huku Arusha na Moshi siku hizi, nadhani na wewe umeshatumiwa, jamaa kashika jiwe jeusi linang'aa, anasema hiki ni kinywe (grafaiti, ile nyeusi ya penseli) cha Mererani, ndani yake kuna grafini, kitu chenye nguvu kuliko chuma mara mia mbili, na wageni wanakibeba sisi tumelala. Watu wamekasirika kwelikweli, hadi kwenye daladala ya Tengeru nimekuta inajadiliwa. Na wakati huohuo mtaani zimeingia betri za pikipiki za umeme zimebandikwa stika ya grafini, bei yake iko juu kuliko za kawaida, kwahiyo mtu anaunganisha mambo mawili anaona kumbe ni kweli, mali yetu inatoka kama jiwe inarudi kama betri. Mimi naona hasira yenyewe ina msingi ila imeelekezwa pasipo. Grafini ni kitu cha ajabu, hapo sibishi hata kidogo, tena nitaeleza ajabu yenyewe iko wapi. Lakini grafini haichimbwi. Inatengenezwa, na mwenye mali ni yule anayejua kuitengeneza na kuipima, hata kama nchini kwake hakuna kinywe hata kilo moja. Tusipolielewa hilo tutagombania gunia wakati pesa imekaa kwingine kabisa.

Tuanze na kitu chenyewe. Kile cheusi cha katikati ya penseli ni kinywe kilichochanganywa na udongo, na kinywe chote, cha Mererani, cha Mahenge, cha Ruangwa, kimejengwa kwa shuka za kaboni zilizolaliana kama chapati kwenye hotpoti. Ndani ya shuka moja atomu zimeshikana kwa pembe sita sita mfano wa sega la nyuki na zimeshikana kwa nguvu sana, ila shuka na mwenzake zimegusana kijuujuu tu, ndio maana penseli inaandika, ukiisugua shuka zinateleza zinabaki kwenye karatasi. Grafini ni chapati moja tu ukishaitoa kwenye hotpoti. Unene wake ni nanomita 0.335, yaani ukitaka kufikisha milimita moja inabidi upange kama milioni 3. Mwanafizikia mmoja, P. R. Wallace, alishapiga hesabu za shuka hiyo tangu 1947 akaona umeme ungepita ndani yake kwa namna isiyo ya kawaida, lakini kwa miaka mingi wakubwa wa fani waliamini kitu chembamba hivyo hakiwezi kukaa peke yake, kitajikunja au kitasambaratika. 2004 Andre Geim na Konstantin Novoselov pale Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, wakachukua selotepu ya kawaida, wakabandika kwenye kinywe, wakabandua, wakarudia kukunja na kubandua mpaka wakabaki na shuka moja. 2010 wakapewa Nobeli ya fizikia. Selotepu jamani. Nalisema hili kwa sababu kinywe cha kuanzia kazi ile kingetosha kwenye kiganja, kilichokuwa adimu ni watu waliojua wanatafuta nini na darubini ya kuhakikisha kwamba wamekipata.

Sasa sifa zake. 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, walitandaza grafini juu ya vitundu vidogo wakaisukuma kwa ncha ya almasi mpaka ikapasuka, ikaonekana ndio kitu chenye nguvu kuliko vyote vilivyokuwa vimeshapimwa, gigapaskali kama 130. Ukiilinganisha na chuma bora kabisa inakizidi mara mia na ushee, lakini kuna maneno mawili yale ya kwenye klipu wameyaruka, nayo ni "unene uleule". Chuma chembamba kiasi hicho hakipo popote. Kamati ya Nobeli walitoa mfano mzuri, kwamba machela ya grafini ya mita moja ya mraba ingembeba paka wa kilo 4 na machela yenyewe ingekuwa na uzito kama wa sharubu moja ya huyo paka, yaani miligramu 0.77. Mwanga inazuia asilimia 2.3 tu, kwahiyo karibu huioni. Joto inalipitisha mara kumi na zaidi kuliko shaba. Hewa haipiti, hata heliamu ambayo inatoroka kwenye kila puto la sherehe. Na gramu moja, ukihesabu pande zote mbili, ina eneo la mita za mraba 2,630. Sijui kitu kingine chochote ambacho kina sifa hizi zote kwa pamoja, na mwalimu wa sekondari anayesoma hapa naomba kesho awaambie wanafunzi wake, maana kaboni hii ndio ileile ya mkaa wa jikoni kwao.

Hapo kwenye uzito ndipo mjadala wote wa klipu unapoangukia, na watu wanapapita haraka. Kama mita moja ya mraba ina miligramu 0.77, basi kutandika uwanja mzima wa mpira unahitaji gramu 5 na nusu hivi, kama kijiko cha chai cha sukari. Nenda mbele zaidi: tani 10, mzigo wa Fuso moja, zikiwa grafini kamili ya shuka moja moja zinafunika kilomita za mraba karibu 13,000, yaani mkoa wa Kilimanjaro wote kuanzia Siha mpaka Same, mlima ukiwemo. Sasa mtu anaponiambia tutatajirika na grafini kwa kuwa tuna mamilioni ya tani za kinywe ardhini, namuuliza dunia itafunika nini. Thamani ya kitu hiki haiendi kwa tani. Ni sawa na kusema mwenye shamba kubwa la mahindi ndiye atakayetawala biashara ya chanjo kwa sababu dawa nyingine zinawekewa wanga. Tani zinaweza kutusaidia kwenye kitu kingine, nitafika huko, ila kwenye grafini mwenye Fuso moja na mwenye mlima wako karibu sawa.

Tena hata hilo Fuso sio lazima. Grafini ya vifaa vya elektroniki, ile ya shuka pana, haitoki kwenye kinywe. Tangu 2009 wanaiotesha juu ya karatasi ya shaba, wanapasha tanuru joto la karibu nyuzi 1,000, wanapitisha gesi ya methani, kaboni ya kwenye gesi inatua juu ya shaba inajipanga yenyewe. Njia nyingine inaanza na silikoni kabaidi, yaani silikoni iliyoungana na kaboni. Na 2020 maabara ya James Tour pale Chuo Kikuu cha Rice, Texas, ilionyesha unaweza kupiga shoti ya umeme mkali kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho kwenye takataka zenye kaboni, plastiki, mabaki ya chakula, matairi, makaa, zikageuka grafini ya unga. Kaboni iko kila mahali. Sisi wa huku tumezoea mfano wa Tanzanite, jiwe lililogunduliwa 1967 ambalo halipatikani kibiashara popote duniani zaidi ya pale Mererani, tukajenga ukuta wa kilomita 24 na ushee 2018 tukaona tumelinda. Kinywe kimeizunguka Tanzanite hiyohiyo, mwanaapolo, yaani mchimbaji, akitoka shimoni anang'aa weusi mwili mzima, ule weusi ndio kinywe, kwahiyo akili inarukia kusema tujenge ukuta mwingine. Lakini Tanzanite yenyewe pamoja na kuwa ni yetu peke yetu, kwa miaka na miaka kiasi kikubwa kilikatwa na kusuguliwa Jaipur, India, na mabroka wetu wamekaa barabarani Arusha na mawe ghafi kwenye karatasi. Kama kitu cha kipekee duniani kilitutoroka kwenye hatua ya kukata, kaboni ambayo hata jalala la Muriet linayo tutaizuiaje kwa ukuta?

Kuna upande wa pili nao nausikia, hasa kwa wasomi wetu, wanasema hii grafini ni kelele tu, miaka ishirini na zaidi imepita tangu ile selotepu na hakuna kitu nyumbani kwako kinachoitumia. Hoja hii ina uzito kuliko ile ya klipu na nisingependa kuipuuza. Umoja wa Ulaya walitenga yuro bilioni 1 kwa miaka kumi kuanzia 2013, na ahadi ya kwanza kabisa, kwamba grafini itang'oa silikoni kwenye kompyuta, haijatimia. Sababu yake inaeleweka: transista ni swichi, inatakiwa iwake na izime, na grafini umeme unapita vizuri mno kiasi kwamba hauzimiki, ni kama bomba la maji lisilo na koki. 2024 timu ya Walter de Heer wa Georgia Tech na wenzake wa Tianjin, China, wakatangaza wameipata ya kuzimika kwa kuiotesha juu ya silikoni kabaidi, kwahiyo mlango haujafungwa, lakini kutoka maabara mpaka kwenye simu yako kuna safari. Ila sasa, wanaosema miaka ishirini ni mingi waende jikoni waangalie sufuria. Alumini ilitengwa mara ya kwanza 1825, na kwenye miaka ya 1850 ilikuwa ghali kuliko dhahabu, ya kuonyeshea wageni ikulu za wafalme. Mpaka 1886 Hall kule Marekani na Héroult Ufaransa, kila mtu kivyake, wakapata namna ya kuitoa kwa umeme, bei ikaporomoka, na leo kila nyumba ina sufuria za alumini. Miaka 61 hiyo. Na tuzingatie kilichoishusha bei, udongo wenye alumini ulikuwepo siku zote, kilichokosekana ni njia ya kuutengeneza.

Na grafini ilishaanza kuingia kwenye maisha, sema inaingia kama chumvi kwenye mboga, huioni ukiangalia chungu. Ford tangu 2018 wanaweka chini ya nusu asilimia kwenye sponji za kufunika vifaa vya injini, kelele zinapungua na sponji inavumilia joto zaidi. Uingereza 2021 pale Amesbury walimwaga sakafu ya jengo la mazoezi kwa zege lenye grafini, waliolitengeneza wanasema zege linalohitajika linapungua kwa karibu asilimia 30, na ukikumbuka saruji inachangia karibu asilimia 8 ya hewa ukaa inayotolewa na binadamu basi hiyo sio habari ndogo. Kwa fundi wa hapa Unga Limited anayenunua mfuko kwa mfuko hiyo ndio grafini ya kwanza atakayokutana nayo, ndani ya saruji, na huenda asiambiwe.

Turudi kwenye zile betri. Jirani yangu Kwa Mrombo alinunua ya stika, ikafa kabla ya mwaka, tukaipeleka kwa fundi akaifumua, ndani sahani za risasi na asidi, betri ileile tunayoijua kwenye magari. Sisemi stika ni uongo mtupu, kwa sababu ukichanganya unga wa kaboni kwenye risasi kweli unapunguza ule ukoko mweupe unaoua sahani na betri inachaji vizuri zaidi. Lakini jirani alikuwa anategemea kuchaji dakika moja kama alivyoona kwenye klipu. Na hapa kuna jambo linalopindua hadithi nzima: betri za lithiamu, zile za simu na za gari la umeme, upande mmoja wake ni kinywe cha kawaida, sio grafini. Lithiamu inahitaji kuingia katikati ya shuka moja na nyingine ikakae humo, atomu moja kwa kila kaboni sita, sasa ukishatenganisha shuka umeondoa katikati yenyewe, alafu lile eneo kubwa la grafini linameza sehemu ya lithiamu kwenye chaji ya kwanza tu. Gari moja la umeme linabeba kinywe kilo 50 mpaka 100. Hapo ndipo tani zina maana. Kwahiyo jamaa wa klipu kashika jiwe lenye thamani kweli, ila kaliita jina la kitu kingine na akakosa sababu ya thamani yake.

Jambo la kupima ndilo linaloniumiza zaidi maana ndilo rahisi na hatulisemi. 2018 watafiti wa Singapore walichukua sampuli za kampuni 60 duniani zinazouza grafini wakazipima, nyingi hazikufika hata asilimia 10 ya grafini na hakuna hata moja iliyovuka 50, kilichobaki ni unga wa kinywe uliosagwa vizuri. Yaani wanunuzi walikuwa wanalipia chapati moja moja wanapewa hotpoti. Kinachotofautisha ni mashine ya Raman, ina jina la Mhindi aliyepata Nobeli 1930, unamulika leza unasoma mwanga unaorudi, na kwa mtu aliyezoea ndani ya dakika chache anakuambia hii ni shuka moja, hizi ni mbili, hiki ni kinywe tu. Kama TBS, shirika letu la viwango, au chuo chochote cha ukanda huu kingekuwa kinapokea sampuli za wafanyabiashara kwa ada inayolipika, betri, rangi, vilainishi, vyote vinavyoandikwa grafini, tungeshajua tunauziwa nini. Na sio suala la pesa tu, Kanada 2021 walisimamisha barakoa zilizowekwa grafini mpaka zichunguzwe, kwa hofu ya watu kuivuta kwenye mapafu. Sisi barakoa za aina hiyo nani angezijua?

Wapo wanaosema basi tuzuie kinywe kutoka, kisafishwe hapahapa, na sheria ya madini ya 2017 imeipa serikali hisa zisizopungua asilimia 16 za mgodi bila kulipia. Hoja hii ndio naiheshimu kuliko zote, na kwa kiasi kikubwa niko nayo. China ndio wanasafisha karibu kinywe chote cha betri duniani, na Desemba 2023 walipoanza kudhibiti kinavyotoka kwao, viwanda vya Marekani na Korea vikaanza kutafuta kwingine kwa haraka, sisi tumo kwenye orodha. Miaka ya 90 mgodi wa kinywe ulishafunguliwa Mererani ukafungwa bei ilipoanguka, kwahiyo kuuza ghafi peke yake tulishaona mwisho wake. Lakini kusafisha kunamaanisha kufikia asilimia 99.95, na watu wa betri chini ya hapo hawakusikilizi. Njia mbili zinajulikana. Moja ni kuchoma karibu nyuzi 3,000, inakula umeme mwingi sana, na sasa bwawa la Nyerere lina megawati 2,115 angalau mazungumzo yanaweza kuanza. Nyingine, iliyozoeleka China kwa sababu ni rahisi kwa bei, ni kuosha kwa asidi ya haidrofloriki, yaani asidi yenye floridi.

Mtu wa Meru akisikia jina hilo inabidi asimame. Maji yetu kuanzia Ngurdoto mpaka kata inayoitwa Maji ya Chai yana floridi inayotoka kwenye miamba ya volkano, WHO wanataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita na kuna visima na mito huku inayopita hapo mara nyingi, meno ya kahawia tunayo, watoto wenye miguu iliyopinda tunao. Watu wa Ngurdoto wamehangaika miaka mingi kuichuja kwa mifupa ya ng'ombe iliyochomwa. Dkt. Askwar Hilonga wa chuo cha Nelson Mandela pale Tengeru alipata tuzo ya uhandisi ya Afrika ya Royal Academy of Engineering 2015 kwa chujio ambalo msingi wake ni mchanga uliowekewa chembe za nano kulingana na maji ya eneo husika, na mchanga, jamani, kila korongo lina mchanga. Grafini nayo inajaribiwa kwenye kazi hiyohiyo, yenyewe peke yake haiipendi floridi, inachofanya ni kutoa lile eneo lake kubwa ili oksidi ya alumini au ya chuma itandazwe juu yake kwa wembamba na kila punje ikamate floridi. Gramu chache kwa chujio. Hiyo ni kazi ambayo kijana wa Tengeru mwenye maabara anaweza kuifanya kwa kinywe cha kununua dukani, na ningefurahi zaidi kuona hela ikienda huko kuliko kwenye ukuta mwingine.

Kwahiyo mwekezaji akija kesho Simanjiro au Hai akasema anajenga kiwanda cha kusafishia kinywe, ajira mia kadhaa, tumshangilie, lakini kwenye mkutano wa kijiji kabla ya kunyoosha mikono mtu mmoja asimame aulize atachoma au ataosha, na kama ataosha, maji ya kuoshea yataelekea bonde gani.